Kukimbia Juu ya Njia ya Nyumbu

Jumamosi moja ya Agosti nilikimbia nikaingia kwenye waya. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijaisha vizuri, na nilikuwa nimemaliza kilomita 9 kutoka nyumbani Kitengela nikielekea upande wa Kisaju. Njia ile nimeipita tangu Januari. Ukishapita machimbo ya zamani ya mawe unashuka kibonde, unaruka mkondo ambao huwa na maji siku chache tu kwa mwaka, halafu unatokea uwanda mpana ambapo miguu inajiachilia yenyewe. Wiki iliyotangulia palikuwa wazi. Siku hiyo palikuwa na nyuzi nne za seng'enge, zimekazwa kwenye vigingi vipya. Fulana ilichanika, na kifuani nikabaki na mistari mitatu ya damu.

Niliangalia kulia na kushoto nikitafuta mwisho wa ule ua. Sikuuona. Nikarudi nilikotoka, na mbio yangu ya kilomita 24 ikaishia 18. Nikiwa naosha vidonda kwa maji ya chumvi nilikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Ilipofika jioni nikajiuliza: kaibiwa nani hasa? Ile ardhi haijawahi kuwa yangu, nilikuwa napita tu. Basi nani alipita pale kabla yangu, na kwa nini palibaki wazi muda wote huo? Makala haya yametokana na swali hilo, na jibu lake limenifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

*

Mimi si mwanariadha. Nilikuwa nasomea ualimu, Historia na Kiswahili, hadi karo iliponishinda mwaka wa tatu. Sasa naishi kwa kuandika: wasifu wa watu, hotuba za harusi, makala kama haya. Malipo huja baada ya siku tisini, yakija. Nilianza kukimbia kwa sababu ni bure na kwa sababu mtu asiye na ajira anahitaji kitu cha kumwamsha. Mwaka huu nikajiandikisha Nairobi Marathon, ile inayokimbiwa Oktoba tangu 2003. Nimejiandikisha kilomita 42 kamili, si nusu.

Mazoezi yangu ni ya kawaida. Jumanne napanda vilima, Alhamisi nabadilisha mwendo, dakika moja kasi na dakika moja pole, na Jumamosi ni mbio ndefu. Nilianza na kilomita 14 na kuongeza mbili mbili, na kila wiki ya nne napunguza ili mwili upumue. Raba zangu ni za mtumba kutoka Gikomba. Maji nabeba kwenye chupa ya soda.

Kitu ninachopata na ambacho mtu wa mjini hulipia ni mandhari. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa Athi-Kaputiei. Ukikimbia kuelekea kusini, mgongo wa Ngong uko upande wako wa kulia kama ngumi iliyofungwa, na kilima cha Lukenya kiko nyuma yako kushoto. Asubuhi isiyo na mawingu, ukikaribia Kajiado, Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali, nyeupe na ndogo, halafu jua likipanda inafutika. Chini ni udongo mweusi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua ikinyesha unashika raba mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali. Kuna migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyotobolewa na sisimizi, na upepo ukipita kwenye matundu yale unapiga mluzi. Mara ya kwanza nilipousikia nilidhani kuna mtu ananiita.

Watu wapo pia. Kuna mzee mmoja Mmaasai ambaye hukutana nami karibu kila Jumamosi akipeleka mbuzi. Kwa miezi miwili tulikuwa tunasalimiana tu, yeye "Supa," mimi "Ipa," nikiwa sijapunguza mwendo. Siku moja akanisimamisha kwa fimbo.

"Kijana, wewe kila siku unakimbia. Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mzee. Najitayarisha kwa mashindano."

"Ya mbali kiasi gani?"

"Kilomita arobaini na mbili."

Akacheka hadi akajifuta macho. "Hiyo ni kwenda kutafuta majani wakati wa ukame. Na kurudi bado."

*

Yule mzee hakujua, na mimi pia sikujua wakati huo, kwamba hata hizo kilomita 42 zina historia ya kuchekesha. Marathon za mwanzo hazikuwa na urefu mmoja. Michezo ya Olimpiki ya 1908 ilipofanyika London, mbio zilianzia Windsor Castle, nyumbani kwa mfalme, zikaishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Ukipima kutoka hapo hadi hapo unapata kilomita 42 na mita 195. Mwaka 1921 urefu huo ukafanywa kuwa sheria ya dunia nzima. Zile mita 195 ambazo zinawaua watu mwishoni zilitokana na mahali alipokaa mfalme.

Nalitaja hili kwa sababu miaka hiyo hiyo serikali ya mfalme huyo huyo ilikuwa ikipima na huku kwetu. Agosti 1904, kamishna Donald Stewart alitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, wa kwanza wao akiwa Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa, kule Naivasha na Nakuru ambako walowezi walikuwa wanapataka, wakagawanywa kwenye hifadhi mbili: moja kaskazini Laikipia, nyingine kusini. Kajiado ya leo imo ndani ya ile ya kusini. Mkataba ulisema utadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani.

Ndani ya mkataba huo kulikuwa na jambo ambalo nililisoma mara tatu. Wamaasai waliomba, na wakaahidiwa, njia ya kuunganisha hifadhi zile mbili, yenye kufika kwenye maji. Waliona mapema kwamba ardhi bila njia ni zizi. Mtu anaweza kukupa shamba kubwa, lakini akishafunga pa kupitia amekufunga wewe.

Mkataba wa milele ulidumu miaka 7. Mwaka 1911, muda mfupi baada ya kifo cha Olonana, mkataba mwingine ulitiwa saini, na Wamaasai wa Laikipia wakahamishwa kusini pamoja na mifugo yao. Njia ile iliyoahidiwa ikakosa maana kwa kuwa kule ilikokuwa inaelekea hakukuwa kwao tena. Mwaka 1913 baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, waliishtaki serikali mahakamani. Kesi ilitupwa. Mahakama ilisema mkataba ule ulikuwa jambo kati ya dola na dola, kwa hiyo haiwezi kuusikiliza. Yaani siku ya kuwahamisha walikuwa raia wa kuamrishwa, na siku ya kudai haki wakageuzwa kuwa taifa la kigeni. Nilipokuwa chuo tuliipita kesi hii kwa dakika kumi tukaelekea mada nyingine. Ninapokimbia huwa naikumbuka kwa saa nzima.

*

Lakini hifadhi ya kusini, pamoja na uonevu wake wote, ilikuwa na kitu kimoja: haikuwa na ua ndani yake. Wamaasai wa Ilkaputiei waliendelea kuhama na mifugo kufuata mvua, na wanyamapori walifanya vivyo hivyo kando yao.

Desemba 1946 Nairobi National Park ilitangazwa, ya kwanza nchini. Ina kilomita za mraba 117, ndogo sana kwa mbuga yenye simba na faru. Upande wa mjini iliwekewa ua. Upande wa kusini mpaka ni Mto Mbagathi, na ng'ambo yake ni Kitengela. Huko hakukuwekwa ua, na kulikuwa na sababu. Mbuga ile ni nusu tu ya nyumba. Wakati wa kiangazi nyumbu na punda milia walikuja mbugani kwa sababu kuna maji ya kudumu. Mvua ikianza walivuka mto na kutawanyika kwenye uwanda wa Kaputiei, ambako nyasi ni fupi, zina madini wanayohitaji majike wanaonyonyesha, na simba anaonekana kutoka mbali. Huko ndiko walikozalia. Kiangazi kikirudi, nao walirudi.

Watu wengi wakisikia nyumbu wanaohama wanafikiria Maasai Mara na watalii. Kumbe sisi wa Kitengela tulikuwa na msafara wetu, mlangoni mwa Nairobi. Hesabu zilizofanywa kutoka kwenye ndege mwaka 1978 zilikuta nyumbu zaidi ya 20,000 kwenye uwanda huu. Mwaka 2011 walikuwa chini ya 3,000.

Nimeishi Kitengela tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kuuona msafara huo hata mara moja. Katika miezi tisa ya mazoezi nimekutana na swala, mbuni, na twiga watatu waliosimama kando ya ua wakiangalia upande wa pili kama watu waliopotea kituo cha matatu. Nyumbu nimewaona mara mbili, wachache wa kuhesabika kwa vidole.

*

Nani aliwamaliza? Nilitaka jibu liwe jangili mmoja mbaya. Nilichopata ni mlolongo wa tarehe, na karibu kila mtu ndani yake alikuwa na sababu nzuri.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi. Ardhi ya Wamaasai ikasajiliwa kwa majina ya vikundi, kila kikundi na wawakilishi wake. Nia iliyotajwa ilikuwa maendeleo: majosho, visima, mikopo. Wamaasai wengi waliikubali kwa sababu nyingine. Hati, hata ya kikundi, ilikuwa kinga dhidi ya wageni wa kuinyakua. Waliokwisha hamishwa mara mbili hawangoji ya tatu.

Baadaye ranchi zenyewe zikaanza kukatwa, kila mwanachama apate kipande chake. Ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapo ndipo mtu mmoja alipoweza kuuza bila kuuliza mwingine. Vijana walikuwa na karo za kulipa, wazee walikuwa na bili za hospitali, na ukame ulipomaliza ng'ombe kilichobaki cha kuuza kilikuwa udongo.

Mwaka 1990 ikaja sheria ya EPZ, na viwanda vikajengwa Athi River, kilomita chache kutoka Noonkopir, kituo kilichokuja kuwa mji wa Kitengela. Miaka kumi baadaye Marekani ikapitisha sheria ya AGOA, nguo kutoka Afrika zikaruhusiwa kuingia kule bila ushuru, na viwanda vya EPZ vikahitaji mikono kwa maelfu. Mikono inahitaji pa kulala. Nyumba za vyumba kimoja kimoja zikaota, halafu za ghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini Kitengela.

Mmoja wao ni mama yangu. Alitoka Machakos mwaka 2001 akiwa na begi moja na mimi mgongoni, akaajiriwa kushona mifuko ya suruali. Mifuko tu, siku nzima. Kwa hiyo nikisema "watu walivamia njia ya nyumbu," nasema juu ya chumba nilichokulia. Chakula changu cha utotoni kilitoka kwenye sheria iliyopitishwa Washington, na kitanda changu kilikuwa juu ya malisho.

Wapo waliojaribu kuzuia. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasiuze na wasiwadhuru wanyama. Familia nyingi zilijiunga, na pesa hizo zililipia watoto wengi shule. Lakini dola 4 kwa mwaka ikishindana na bei ya ploti kando ya barabara ya Namanga ni kama mimi kushindana na Kipchoge.

Na wanyama wenyewe hawakusoma ramani mpya. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia zizi la mbuzi. Mwaka huo huo, kwa njia, ndio ambao Maasai Olympics ilianza kule Kimana, kusini mwa kaunti hii hii ya Kajiado: vijana washindane kwa mbio na kurusha rungu na mkuki, badala ya kuonyesha ushujaa kwa kuua simba. Mlezi wa michezo hiyo ni David Rudisha, ambaye Agosti ile alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London. Basi mwaka mmoja ulikuwa na hayo yote.

Halafu tarehe 30 Machi 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk, mzaliwa wa mbuga ya Nairobi, alionekana Isinya. Kutoka Kitengela hadi Isinya ni kama kilomita 25. Nimeikimbia. Kwa simba wa zamani hiyo ilikuwa matembezi ya usiku mmoja katika himaya yake. Kwa simba wa 2016 ilikuwa ni kupita kati ya maboma, ploti na pikipiki. Kulipokucha alikuwa amezungukwa na umati wenye simu na mawe. Alimjeruhi mtu mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Kila nikifika Isinya na mbio ndefu, magoti yakiwa yanalalamika, namkumbuka. Mimi nikichoka naita boda boda.

*

Sasa turudi kwenye riadha, maana kuna kitu nilikuwa sikioni.

Tunapozungumza juu ya wakimbiaji wa Kenya tunataja Iten na Eldoret, lakini Kajiado ina sehemu yake. Paul Tergat aliishi na kufanya mazoezi Ngong, kwenye kona ya kaunti hii. Tarehe 28 Septemba 2003 alishinda Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi ya dunia, huku Sammy Korir akiwa nyuma yake kwa sekunde moja tu. Nairobi Marathon ilianza mwezi uliofuata. Kwa upande wa Wamaasai, kabla ya Rudisha kulikuwa na Billy Konchellah, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1987 na 1991, na Daniel Rudisha, baba yake David, aliyerudi na medali ya fedha ya kupokezana vijiti kutoka Mexico mwaka 1968. Mwaka huo huo, tena, wa sheria ya ranchi.

Watu hutafuta siri ya Wakenya kwenye damu, kwenye ugali, kwenye mwinuko. Mimi si mtaalamu wa mwili, siwezi kubishana. Ninachoona ni kwamba jambo moja huwa tunaliacha kwa sababu liko wazi mno. Mbio ndefu inahitaji mahali pa kwenda. Huwezi kufanya kilomita 30 ndani ya ploti. Vizazi vya wakimbiaji wetu havikujengewa viwanja. Vilikuwa na vijia: vya ng'ombe, vya shule, vya mtoni, vinavyopita kwenye ardhi ya mtu fulani ambaye hakuona sababu ya kukuzuia. Hicho ndicho kilikuwa uwanja wetu wa taifa. Hakina mfadhili wala jiwe la msingi, na kwa hiyo hakuna anayetangaza siku kinapofungwa.

Mwenzangu mmoja wa mazoezi ameshahamia kukimbia kando ya barabara kuu ya Namanga, kati ya malori na matatu, kwa sababu angalau barabara haitawekewa waya. Mwezi wa Julai kioo cha lori kilimgonga bega. Anasema alikuwa na bahati, na ni kweli.

*

Septemba mama aliniita. Yeye na wenzake wa chama walinunua ploti Kisaju miaka mitano iliyopita, kila mtu futi 50 kwa 100. Hati zilikuwa zimetoka. Jirani yake wa ploti ya nyuma alikuwa ameshakuta msingi wa nyumba ya mtu asiyemjua kwenye kipande chake, kesi iko kwa chifu hadi leo. "Nenda ukaweke seng'enge," mama akaniambia. "Nimeshona mifuko miaka ishirini na zaidi kwa ajili ya kile kipande."

Nilienda na fundi mmoja na vigingi 30. Soroveya alikuwa ametuonyesha bikoni zote nne. Tulipovuta kamba kutoka bikoni ya kwanza hadi ya pili, nikaona kilichonifanya nikae chini. Kijia kilikata ploti yetu kutoka kona hadi kona. Kilikuwa chembamba, kimekanyagwa hadi kung'aa, kina kwato za mbuzi na alama za matairi ya baiskeli. Na pembeni, kwenye udongo uliokauka baada ya mvua ya wiki iliyopita, kulikuwa na alama za raba. Niliinua mguu nikalinganisha. Zilikuwa zangu.

Sikuwahi kujua kwamba ile ndiyo ploti yetu. Miezi yote ile nilikuwa namkata mama yangu kona hadi kona.

Nikampigia simu. Nikamwambia kuna njia ya watu, tuache futi tatu upande mmoja. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nikiacha futi tatu leo, kesho ni barabara ya lori. Na yule wa nyuma ataacha? Na wa mbele? Mimi peke yangu ndiye nitakayewaachia watu njia?" Nilitafuta jibu nikalikosa. Nadhani hilo ndilo swali ambalo kila mtu kwenye uwanda huu amejiuliza tangu ranchi zigawanywe, na kila mtu amejibu kama mama. Hakuna aliyekosea peke yake.

Tukachimba. Kigingi cha kumi na moja kiliangukia katikati ya kijia. Udongo pale ulikuwa mgumu kuliko kwingine, fundi akalalamika kwamba mtaimbo unarudi. Ni miguu ya miaka mingi iliyoushindilia.

Tulipokuwa tunakaza waya wa mwisho, mzee wa mbuzi akatokea. Alisimama, akaangalia ua, akaniangalia mimi nikiwa nimeshika koleo. Nilimsalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama kijana anavyopaswa. Nikamwambia ploti ni ya mama.

"Ya mama ni vizuri," akasema. Halafu akaonyesha chini kwa fimbo. "Na hii njia, mnaipeleka wapi?"

Nikamwambia wapite kando, wazunguke kona. Akaitikia kwa kichwa, akapiga mluzi, mbuzi wakazunguka. Hakusema neno baya. Ningependelea aseme.

*

Jumamosi iliyofuata nilikimbia kilomita 32, mbio yangu ndefu kuliko zote kabla ya siku yenyewe. Nilipita machimbo, nikaruka mkondo, nikaukwepa ule waya wa Agosti kwa kufuata ua wake hadi mwisho. Una mwisho, kumbe, ni kama nusu kilomita tu. Nilipofika Kisaju kijia kilikuwa kimeshapinda. Mbuzi walikuwa wamechora kona mpya kuzunguka ploti yetu, na nyasi zilikuwa zimelala. Nami nikazunguka.

Nimepima tofauti kwa hatua. Kupita kona hadi kona na kuzunguka kunapishana kwa mita 12 hivi. Kwa mtu wa marathon hizo si kitu, ni sekunde nne. Lakini ng'ombe mwenye kiu akielekea mtoni huzunguka ploti yetu, halafu ya jirani, halafu ya jirani yake, mpaka siku moja kona zinakutana na hakuna tena pa kuzungukia.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nikijaliwa, nitakimbia Nairobi. Miaka ya karibuni mbio hizo zimekuwa zikipita Southern Bypass, na sehemu ya barabara hiyo inaambaa na ua wa mbuga. Upande wa pili wa ua ule, ukishuka hadi Mbagathi na kuvuka, ni kwetu. Nikifika pale nitageuza kichwa kidogo, nione kama kuna nyumbu.